Taya la chini kutangulia mbele: ni jeni, ni chakula, ama ni nini?

#1 Mama_Neema_Umoja
Habari zenu wadau. Kuna kitu kimenisumbua tangu tumzike guka, babu yetu, huko Murang'a. Tulipiga picha ya familia upande wa mathe, na ilipoingia kwa grupu ya WhatsApp ndio nikaona: marehemu guka kwa ile fremu, wajomba wangu watatu, mathe, mimi, na sasa binti yangu wa miaka saba, sote taya la chini limetangulia. Ukituangalia kwa upande kidevu ndicho kinafika kwanza. Huyu mtoto akiuma chapati meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu, hakati, anaishika na kuivuta kwa upande wa shavu mpaka ikatike. Nilimpeleka kwa daktari wa meno mtaani, akamwangalia haraka akasema hiyo ni jeni mama, mngoje akue. Shosho anasema nilimcheka mtu nikiwa na mimba. Bwanangu anasema ni hivi vyakula laini vya watoto wa siku hizi, uji, mkate na tambi.

Sasa kama ni jeni, ni jeni gani hiyo, na mbona dada yangu wa tumbo moja hana? Na kungoja ni kungoja mpaka lini? Asanteni.

#2 Kevo_Donholm
Pole kwa msiba. Hiyo yenu ina jina kwa historia, taya la Habsburg. Hao walikuwa ukoo wa wafalme, Austria na Hispania, wakaoana wenyewe kwa wenyewe mpaka taya likawa linaonekana kwa michoro yao kizazi baada ya kizazi. Wa mwisho Hispania alikuwa Charles II, alizaliwa 1661 akafa 1700 bila mtoto, kutafuna kwenyewe kulikuwa shida, na kifo chake kikaletea Ulaya vita ya zaidi ya miaka kumi juu ya nani akalie kiti. Kwa hivyo ni jeni, na ni jeni moja yenye nguvu, mtoto akiipata anayo, asipoipata hana. Ndio maana dada yako aliponyoka, rahisi tu.

#3 Mwalimu_wa_Bayo
Kevo historia umeipata, lakini hapo kwa jeni moja yenye nguvu ndio sikubaliani. Mwaka 2019 kuna watafiti walichukua michoro 66 ya watu 15 wa huo ukoo, wakawapa madaktari 10 wa upasuaji wa taya wapime kwa macho nani limemtokea kiasi gani, halafu wakalinganisha na vile wazazi wa kila mmoja walikuwa wameingiliana kidamu. Waliona kadiri damu ilivyoingiliana ndivyo taya lilivyozidi. Sasa kama ingekuwa jeni moja yenye nguvu, kuoana ndugu kusingeongeza chochote, nakala moja ingetosha. Matokeo yao yanaelekea kwa jeni zilizojificha, zile zinazotaka nakala mbili, ya baba na ya mama. Na hata hivyo watu 15 ni wachache sana, watafiti wenyewe walisema bahati tu ya ukoo haiwezi kuondolewa kabisa.

Mama Neema, kitu kingine kwa hao wafalme: madaktari walikuta si taya la chini peke yake, la juu pia lilikuwa limerudi nyuma. Ukiangalia kwa nje utasema la chini ni refu kumbe la juu ndilo fupi. Hiyo tofauti ni kubwa ukifika kwa matibabu.

#4 Jabali_la_Pwani
Salaam. Mimi ni mtu wa Mombasa naishi South B. Huu mjadala wa kuoana ndugu ukiguswa huwa sisi ndio tunatazamwa, kwa sababu kwetu binamu kumwoa binamu si jambo la ajabu. Babu yangu na bibi yangu ni watoto wa ndugu wawili. Nimetazama picha zote za nyumbani, hakuna taya hata moja lililotoka. Sasa mwalimu nieleze, mbona kwetu hayakutokea?

#5 Mwalimu_wa_Bayo
Kaka Jabali swali lako ni la haki. Kuoana ndugu hakuumbi taya. Kunachofanya ni kukutanisha nakala mbili za kitu ambacho tayari kilikuwa kimelala kwenye ukoo. Kama kwenu hakikuwepo, hakuna cha kukutana. Halafu vipimo vinatofautiana sana. Mtoto wa binamu na binamu kiwango chake cha damu kuingiliana ni 0.0625. Charles II alikadiriwa 0.254, hiyo inapita kidogo hata mtoto wa kaka na dada wa tumbo moja, na baba yake alikuwa mjomba wa mama yake. Vizazi na vizazi vilikuwa vimerundikana hapo. Hamuwezi kulinganishwa na hao kabisa.

#6 Fundi_Kariobangi
Mimi niko na bwana wa Mama Neema. Hii kitu ni chakula. Guka wangu alikuwa anatafuna muthokoi na miwa na nyama ya kuanikwa mpaka akiwa mzee, meno yake yote thelathini na mbili yalikuwa yamekaa kwa mstari kama mbao za ukuta. Watoto wangu wote watatu meno yamepandana, wa kwanza amengolewa mawili ndio mengine yapate nafasi. Jeni haiwezi kubadilika kwa vizazi viwili, lakini jiko limebadilika. Taya ni mfupa na mfupa unafuata kazi. Mpatie kazi laini inakuwa dogo.

#7 Kevo_Donholm
@Fundi sasa wa Mama Neema taya ni kubwa, si dogo. Hiyo theori yako inaenda njia ya kurudi 😂

#8 Mpanda_Lukenya
Kevo mwache Fundi, kuna kitu hapo. Wale pimbi mnaona wakiota jua kwa mawe, Lukenya wamejaa tukienda kupanda miamba. Kuna watafiti Marekani, ripoti yao ilitoka 2004, walilea pimbi makundi mawili, moja chakula kimepikwa laini, lingine kikavu na kigumu. Waliokula laini uso haukukua sawa na wale wengine, sehemu ya chini na ya nyuma ya uso ilipungua karibu asilimia 10. Walichagua pimbi kwa sababu uso wake umejikunja chini ya fuvu kidogo kama wetu. Jeni ni zile zile za pimbi, chakula tu ndio kimebadilishwa.

Na kwa binadamu kuna utafiti wa 2011 uliolinganisha mafuvu ya jamii 11 kutoka pande tofauti za dunia. Umbo la fuvu lenyewe lilifuata undugu wa watu, lakini umbo la taya la chini lilifuata riziki, wawindaji upande mmoja na wakulima upande mwingine. Wa kilimo taya lao ni fupi na pana zaidi, na ndio maana meno hayapati nafasi. Hilo nadhani ndilo Fundi anasema.

#9 Nyar_Mbita
Mmefika kwa wanyama sasa ngoja niwaletee yangu. Nimekulia Mbita, baba alikuwa mvuvi, na kabla mbuta (sangara) hajamaliza ziwa tulikuwa tunakula fulu, samaki wadogo wadogo, kila mmoja na mdomo wake. Ziwa Victoria lilikuwa na aina kama 500 za hao, na wanasayansi wanasema wametokea kwa kama miaka 15,000 tu, hiyo kwa uumbaji ni kama jana. Kuna wa kukwangua mawe, wa kula samaki wenzake, wa kula konokono. Na fulu ana mataya mawili, moja la mdomoni na lingine ndani ya koo la kusaga. Baba alikuwa akimpasua mmoja wa wale wa konokono anatuonyesha hiyo ya kooni, kipande kizito kimejaa meno ya mviringo kama mawe ya mto, ukigonga nayo kwa sinia inalia.

Sasa huyo wa konokono, jina lake la kitabu ni Astatoreochromis alluaudi, walipomlea kwa matangi bila konokono, chakula laini tu, taya la kooni likakua jembamba na meno madogo. Hiyo iliandikwa 1965. Kwa hivyo Fundi ana haki. Lakini kwa wale wa Ziwa Malawi wamepata jeni kabisa, bmp4 na ptch1, zinazotenganisha taya fupi la nguvu la kukwangua na taya refu jembamba la kufyonza, na hiyo hata uwalee tanki moja inabaki. Kwa hivyo Mwalimu pia ana haki. Mimi nimekaa katikati na sahani yangu.

#10 Kevo_Donholm
Nyar Mbita umenifanya nitamani samaki saa hii na niko ofisini. Lakini wasee tusisahau ile mambo ya mewing. Kijana wa dada yangu wa form 3 anabandika ulimi kwa paa la mdomo siku nzima, ukimsalimia anakuonyesha kidole kwa taya haongei. Anasema atapata taya la mraba kabla ya kufunga shule. Si hiyo ni kazi ya mfupa kama Fundi anasema?

#11 Sista_wa_Wodi
Kevo hiyo ya ulimi mwambie aongee na watu. Madaktari wa kupanga meno hawajaona ushahidi wa maana kwamba inabadilisha mfupa, sembuse ndani ya muhula mmoja.

Mama Neema pole sana na msiba, mimi ni muuguzi na nimefanya miaka mingi na watoto. Naomba nikae na wewe kidogo kwa sababu wengine hapa wamekimbilia wafalme na samaki. Mtoto wa miaka saba meno ya chini kupita ya juu si kitu cha kuambiwa ngoja ukiwa bado umesimama mlangoni. Jaribu hivi leo jioni: mkalishe, ajilegeze, umwambie afunge mdomo polepole, uone kama meno ya mbele yanagusana ncha kwa ncha kwanza halafu ndio taya linateleza mbele. Kama linateleza, huenda ni meno yanalisukuma na mfupa wenyewe uko karibu na sawa, hiyo mara nyingi inarekebishwa kwa kifaa kidogo. Kama linafunga moja kwa moja likiwa mbele, hapo ni mfupa, na swali ni lile Mwalimu alisema, la chini ni refu ama la juu ni fupi. La juu likiwa fupi kuna kifaa cha kuvaliwa usoni cha kulivuta mbele, na kinafanya kazi vizuri zaidi kabla ya kama miaka kumi, baadaye mishono ya mifupa ya uso inakazana. La chini likiwa refu ndio wanangoja ukuaji uishe, pengine upasuaji akiwa mtu mzima. Kwa hivyo tafuta daktari wa kupanga meno, apige eksirei ya kichwa kwa upande. Huko ndiko utajua kama ni kungoja.

Halafu nauliza, analala mdomo wazi? Anakoroma?

#12 Mama_Neema_Umoja
Sista Mungu akubariki. Nimemjaribu usiku wa jana na tena asubuhi kabla ya shule. Halitelezi, anafunga moja kwa moja mbele. Kukoroma anakoroma, hasa kwa baridi ya Julai, na mto wake asubuhi umelowa mate. Sikuwahi kufikiria vinaweza kuwa kitu kimoja. Mathe pia alikuwa anakoroma, guka sijui.

#13 Fundi_Kariobangi
Hapo sasa! Kupumua kwa mdomo. Taya linaanguka, ulimi unaanguka, uso unakua vibaya. Wala si jeni wala si uji.

#14 Sista_wa_Wodi
Fundi pole pole. Kupumua kwa mdomo kwa sababu ya adenoidi, zile nyama za nyuma ya pua, kunatajwa sana, na ukimwona mtoto kama huyo uso mrefu mdomo wazi unamtambua. Lakini kuna majaribio ya zamani ya tumbili waliozibwa pua, na wale tumbili hawakupata umbo moja. Wengine taya lilishuka, wengine likaenda mbele, kila mmoja alitafuta njia yake ya kupumua na mfupa ukafuata hiyo njia. Kwa hivyo pua iliyoziba inaweza kuleta kitu, lakini kwa nini ilete hiki kwa huyu na kile kwa yule, hapo mnarudi kwa Mwalimu. Neema aangaliwe pua pia, hilo halina ubishi.

Na kwa wengine wanaosoma: si kila taya ni la ukoo. Watoto wenye selimundu mara nyingine taya la *juu* linatokeza na mashavu yanapanda, kwa sababu uboho unafanya kazi kupita kiasi na mfupa unapanuka. Na taya la mtoto likivimba upande mmoja kwa wiki chache, meno yakaanza kulegea, usiulize mtandaoni, kimbia hospitali. Hiyo inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, Denis Burkitt aliieleza 1958 akiwa Kampala, na magharibi ya Kenya tunaiona. Inatibika ikiwahiwa. Nimeona waliowahi na nimeona waliochelewa kwa sababu waliambiwa ni jino.

#15 BintiMwanza
Habari za Nairobi jamani, mimi ni Mtanzania nipo Ngara kwa masomo. Nimeshangaa mmezunguka dunia nzima wakati moja ya tafiti kubwa za sura za Waafrika ilifanyika kwetu Mwanza. Walipima nyuso za watoto zaidi ya 3,000 kwa kamera ya pande tatu, wakachukua DNA, ikatoka 2016. Wakapata sehemu mbili zinazohusiana na ukubwa na umbo la uso, jeni SCHIP1 na PDE8A, kisha wakatazama viinitete vya panya wakaona jeni hizo kweli zinafanya kazi uso unapoumbika. Sasa dada Mama Neema aliuliza ni jeni gani. Hakuna moja. Utafiti mwingine wa watu 8,246 wenye asili ya Ulaya ulipata sehemu 203 za DNA zinazogusa umbo la uso, na kila moja inasukuma kidogo mno. Ndiyo maana mtu na dada yake wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Wamegawana kama nusu tu ya kile wazazi walichonacho, na hiyo nusu si ile ile.

Na jeni moja haina kazi moja. EDAR ilionekana kwa watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kilatini inagusa kutokeza kwa kidevu. Kwa watu wa Asia Mashariki jeni hiyo hiyo ndiyo inafanya nywele kuwa nene na meno ya mbele kuwa na bonde kwa nyuma. Ukisema jeni ya kidevu utakuwa umeionea.

#16 Kevo_Donholm
BintiMwanza karibu. 203?? Mwalimu alitufundisha form four kidevu chenye mfereji ni jeni moja, na kukunja ulimi ni jeni moja, nikapata maksi zangu.

#17 Mwalimu_wa_Bayo
Kevo mimi sikukufundisha wewe 😄 Lakini ni kweli vitabu vilibeba hivyo, na ya ulimi ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu ilijulikana mapema. Mwaka 1952 mtu aliangalia jozi 33 za mapacha wa kufanana, jozi 7 mmoja alikunja ulimi mwingine hawezi. Mapacha wenye DNA moja! Na bado tukaendelea kuiandika ubaoni. Kuna watoto wameenda nyumbani wakamwangalia baba yao kwa jicho lingine kwa sababu ya huo ulimi. Hiyo inanikera mpaka leo.

#18 Msee_wa_Museum_Hill
Uzi mzuri. Nataka kuongeza kwamba swali hili tunalo hapa hapa mjini, nendeni makumbusho. Yule kijana wa Turkana aliyepatikana Nariokotome 1984 na Kamoya Kimeu, ana kama miaka milioni 1.5, mifupa mingi ajabu, simameni mbele yake muangalie chini ya meno. Mfupa unateremka na kurudi nyuma, hakuna kidevu. Binadamu wa leo tu ndio ana kidevu, hata Neandertali, ndugu yetu wa kale, hakuwa nacho. Kamoya huyo huyo ndiye aliona taya la Peninj 1964 kando ya Ziwa Natron, taya zima la chini la wale wa meno makubwa ya kusaga, magego mapana, mfupa mnene, meno ya mbele madogo kama ya mtoto. Ndugu yake ni yule Zinj wa Turkana waliyemwita mvunja njugu, 1959.

#19 BintiMwanza
Samahani kaka, Zinj si wa Turkana! Ni wa Olduvai, Tanzania, Mary Leakey alimwona Julai 1959, na fuvu lenyewe lipo makumbusho ya Dar es Salaam. Na Natron pia ni kwetu. Mlima tu ndio tunagombania, fuvu hamlipati.

#20 Msee_wa_Museum_Hill
Zinj chukueni dada, sisi tuko na fuvu la ER 406 la Koobi Fora, 1969, la jamii hiyo hiyo na uso umekamilika vizuri kabisa. Lakini sikilizeni hili: kwa taya hilo kila mtu aliamini alivunja njugu na vitu vigumu, halafu walipopima kemia ya meno ikaonekana alikula sana nyasi na matete. Fundi anasema mfupa unafuata kazi, sawa, lakini hapo wataalamu walisoma kazi kutoka kwa mfupa na wakaikosa. Vitu vingi laini vinavyotafunwa siku nzima vinaweza kutaka taya kubwa pia.

#21 Otis_wa_Dandora
Mimi nimekuja na kesi ya kwetu. Babu zetu Wajaluo walikuwa wanang'olewa meno sita ya chini wakifika umri. Babu yangu alikuwa hivyo, ukimwangalia akicheka unaona pengo lote la mbele na mdomo wa chini umeingia ndani. Vizazi hivyo vyote, na sisi wajukuu tumezaliwa na meno sita yetu hapo hapo. Kwa hivyo Fundi, vile guka wako alitafuna muthokoi haikuenda kwa damu ya mtu, hata kungolewa meno hakukuenda. Watoto wako hawakurithi taya dogo, wamelijenga wenyewe kwa mkate.

#22 Fundi_Kariobangi
Otis hiyo ndiyo nasema! Nani alisema imeenda kwa damu? Nimesema jiko.

#23 Jabali_la_Pwani
Basi jiko la Mama Neema na la dada yake wakiwa wadogo lilikuwa moja. Sufuria moja, sinia moja. Mmoja taya limetoka mwingine halikutoka. Fundi nijibu hapo.

#24 Fundi_Kariobangi
Pengine mmoja alikuwa anakoroma.

#25 Mwalimu_wa_Bayo
Wacha niwape kitu kimoja kwa sababu mnaongea kama taya linaanza mtoto akianza kula. Uso unaumbika mimba ikiwa kati ya wiki ya nne na ya nane. Kuna seli zinachomoka mgongoni mwa ule mrija utakaokuwa ubongo, zinasafiri zikizunguka kichwa kuja mbele, na hizo ndizo zinajenga mifupa mingi ya uso na mataya yote mawili. Jinsi zilivyo nyingi, zimefika lini na zimepewa amri gani, hapo ndipo jeni nyingi za uso zinafanya kazi yao. Kuna jeni mbili, DLX5 na DLX6, zikizimwa kwa panya taya la chini linajijenga likifanana na la juu. Hiyo ilionekana 2002. Mwaka uliofuata watu walihamisha hizo seli kutoka kiinitete cha bata kwenda kwa kware. Kware akaota mdomo wa bata. Seli zilikuja na ramani yao, nyumba mpya haikuzibadilisha.

Kwa hivyo Shosho wa kucheka mtu namheshimu lakini wiki hizo za nne mpaka nane wengi hata hawajajua wana mimba.

#26 Kevo_Donholm
Mwalimu usitaje kware hapa Nairobi, kuna watu 2014 waliweka akiba yote kwa mayai ya kware na vidonda havijapona. Fundi si ulikuwa na vizimba kwa paa?

#27 Fundi_Kariobangi
Vizimba nilijenga vya wateja, nikalipwa. Rudi kwa taya.

#28 Wambo_Githurai
Nimesoma yote kimya lakini swali langu ni lingine. Shemeji yangu amekataa mtoto kwa sababu "hana taya letu". Familia nzima ya kina bwanangu wana kidevu cha mraba na mtoto ametoka kidevu kidogo cha mviringo. Amekuwa akisema hivyo mbele ya watu na mama ya mtoto analia. Kwa haya mmesema, mtu anaweza jua baba kwa uso?

#29 BintiMwanza
Dada Wambo hapana. Ukishakuwa na sehemu mia mbili na zaidi za DNA kila moja inasukuma kidogo, mtoto wa halali kabisa anaweza kuchukua zile za kidevu cha mviringo. Na upande wa pili, 2022 watafiti walichukua jozi 32 za watu wasio na undugu wanaofanana kama mapacha, wakawapitisha kwa programu tatu za kutambua sura. Jozi 16 zikafanana kwa zote tatu, na hao walikutwa wanashiriki vipande vingi vya DNA vinavyohusu sura, bila kuwa na babu mmoja wanayemjua. Kwa hiyo asiye wako anaweza kufanana nawe, na wako asifanane. Akitaka kujua kuna kipimo cha DNA. Akitaka kumwumiza mama ya mtoto, hilo si suala la jeni.

#30 Sista_wa_Wodi
Na mtoto mchanga kidevu ni kidogo kwa wote. Taya la chini ndilo linachelewa kukua, linaendelea mpaka ubalehe na baada. Shemeji anasoma kidevu cha mtoto wa umri gani?

#31 Wambo_Githurai
Miezi minane.

#32 Sista_wa_Wodi
Mungu wangu.

#33 Mama_Neema_Umoja
Wambo pole sana mamaa. Wangu nimepata nafasi kwa daktari wa kupanga meno mwezi ujao na wa pua wiki inayokuja. Nimechukua zile picha za guka za kitambulisho cha zamani, za wajomba na za mathe akiwa msichana, nitambebea zote. Kwa picha ya mathe akiwa na kama miaka kumi taya liko sawa kabisa! Limetoka baadaye. Sijui hiyo inamaanisha tungoje ama tuharakishe.

#34 Mwalimu_wa_Bayo
Beba hiyo picha kuliko zote. Kama la mathe lilikuja na ubalehe na la Neema limekuja na miaka saba, huenda si kitu kimoja hata kama ukoo ni mmoja.

#35 Fundi_Kariobangi
Ama jiko lilibadilika kati yao.

#36 Pacha_wa_Kayole
Mimi ni mgeni hapa, nimeletwa na mtu wa grupu. Sisi ni mapacha wa kufanana, wasichana, walimu walikuwa wanatufungia utepe wa rangi mkononi. Wa kwangu meno yamekaa kawaida, wa dada yangu ya chini yako mbele kidogo, si sana lakini ukitupanga kwa upande unaona. Tumekula sahani moja tangu uji wa kwanza.

#37 Jabali_la_Pwani
Basi hapo hoja ya pua imempata mtu wake. Nani kati yenu alikuwa akilala mdomo wazi?

#38 Pacha_wa_Kayole
Mimi. Nilitolewa adenoidi nikiwa class two. Dada yangu hajawahi kukoroma hata siku moja.